Makopo Saba ya Udongo Mtupu

Barazani kwangu hapa Nzuguni, Dodoma, kuna makopo saba ya rangi, yale ya plastiki ya lita nne, na kuanzia Juni mpaka Novemba hayana kitu. Yaani hayana kitu cha kuonekana. Ni udongo mkavu, juu umetandazwa majani ya mvinje yaliyokatwakatwa, na pembeni kimechomekwa kijiti cha mshikaki chenye namba. Mgeni akija anayatazama, anatazama pembeni, halafu uvumilivu unamwishia: "Dada, humu umepanda nini?" Nikisema okidi, anaanza kuitafuta kwa macho. Nikisema imelala, anabadilisha mazungumzo, tunarudi kwenye bei ya mchele.

Mwaka 2021 mama mkwe alitoka Singida akaja kukaa nasi mwezi mzima. Ni mtu asiyeweza kuona udongo umekaa bure. Asubuhi nimekwenda kazini Mtumba, jioni narudi, nakuta makopo mawili yamelowa chapachapa na mbegu za mchicha zimeshamwagwa humo. "Mwanangu, udongo mzuri namna hii unauacha unakauka?" Nikasema asante mama. Ungesema nini? Usiku watu walipolala nikatoka na tochi ya simu, nikamimina kopo la kwanza kwenye gazeti, nikakiokoa kiazi cha okidi kikiwa bado kigumu, nikakipangusa na kukirudisha kwenye mchanga mkavu. Kopo la pili sikuthubutu kuligusa, maana angelikosa asubuhi. Mchicha wake ulistawi kwelikweli. Tuliula na ugali wa mtama, mtamu, na chini yake kiazi changu kilikuwa kimeshageuka uji.

Wengi mmeniuliza ilikuwaje mtu akapanda okidi Dodoma, mji ambao mvua yake yote ya mwaka haifiki milimita 600 na inanyesha kwa miezi minne tu. Basi ngoja nieleze tangu mwanzo.

Mimi ni mtu wa Makete, nyanda za juu kusini. Nilihamia huku mwaka 2017, ofisi zilipoanza kuhamishwa kutoka Dar es Salaam, na mimi mtunza kumbukumbu nikahama na mafaili yangu. Kwa aliyekulia Makete, Dodoma inakuchanganya. Juani unaungua, kivulini unapata baridi, na upepo wa Julai unakuletea vumbi jekundu mpaka ndani ya sukari. Kwetu Julai alfajiri umande unaganda majanini, ukikanyaga unasikia kama unakanyaga vioo. Na kwetu kuna Kitulo. Wenyewe tunaiita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa sababu ya maua yake. Ukipita kule Februari unaona uwanda mzima umechanua: njano, zambarau, waridi, nyeupe. Zipo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Nasisitiza ardhini, kwa sababu ukimwambia mtu wa mjini okidi, anafikiria ile ya dukani inayokaa kwenye magome, mizizi inaning'inia hewani. Za kwetu zina kiazi. Zinachomoza na mvua, zinachanua, zinakauka, zinajificha chini mpaka mvua nyingine.

Kiazi hicho sisi tulikijua kama mali kabla ya kukijua kama ua. Tulikiita kikande. Nikiwa mdogo shangazi yangu na wenzake walikuwa wanatoka na jembe na kikapu, wanachimba, wanawauzia wachuuzi waliokuwa wanavipeleka Tunduma, vivuke mpaka viingie Zambia. Wazambia wanakiita chikanda. Wanakikausha, wanakitwanga unga, wanachanganya na unga wa karanga, pilipili na magadi, wanasonga mpaka inashikana, na ikipoa unaikata vipande vinavyonesa kama soseji nene. Nimeionja mara moja, Tunduma hapohapo, na sitasema uongo, ni nzuri. Waturuki nao wana unga wao wa viazi vya okidi, wanauita salepi, wanatengenezea kinywaji cha moto na aiskrimu inayovutika. Kwa hiyo si sisi peke yetu tulioona ua tukafikiria sufuria.

Shangazi aliacha kuchimba siku nyingi. Anasema ilikuwa inabidi kutembea mbali zaidi kila mwaka, mpaka safari ikawa ndefu kuliko faida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinavuka kwenda Zambia kila mwaka kutoka nyanda zetu za kusini. Nilipomsomea hesabu hiyo kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mimi nimo humo."

Basi mwaka 2019, mwezi wa sita, akanipigia kunipa habari za nyumbani. Katikati ya habari akataja kwamba kipande cha juu cha shamba lao, kile chenye majani ambacho hakijawahi kulimwa, sasa trekta linakuja kukifungua, wapande viazi mviringo. Nikamwuliza, na kikande cha pale? "Kitalimwa chote, mama." Nikamwomba anichimbie kabla trekta halijafika. Akacheka. "Huko Dodoma mna njaa kiasi gani mpaka mpande kikande?"

Hapa niseme jambo moja bila kuzunguka, kwa sababu najua baadhi yenu mtataka kwenda kuchimba. Ndani ya hifadhi hupaswi kung'oa hata jani. Na okidi zote duniani zimo kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kiazi hakivuki mpaka bila kibali. Vyangu vilitoka shambani kwa shangazi, mahali ambapo wiki iliyofuata paligeuzwa na trekta. Kama huna sababu ya namna hiyo, viache viazi pale vilipo.

Kifurushi kilifika kwa basi, nikakipokea kwa konda pale stendi ya Nanenane. Kilikuwa ndoo ndogo iliyokuwa ya mayonezi, imejaa vumbi la mbao, na ndani yake viazi 11 na kibonge cha udongo mweusi kimefungwa kwenye kitambaa cha khanga. Udongo huo shangazi aliutia kwa akili yake tu. "Mtoto hatoki kwao bila kitu," alisema. Hakujua ametia kitu cha maana kuliko vyote vilivyokuwemo, na nitakirudia.

Kiazi chenyewe ukikiweka kiganjani ni kama kidole gumba cha mtoto, ngozi ya kahawia hafifu, kina vinyweleo vifupi ukikigeuza mwangani. Upande mmoja kuna ncha, kama penseli iliyochongwa vibaya. Hiyo ndiyo inayotazama juu. Vitano kati ya vile 11 vilikuwa bado vimeshikana na kiazi kingine kando yake, cheusi, laini, kimesinyaa kama zabibu kavu ya hapa kwetu Dodoma. Nikafikiri vimeoza, nikavikata na kuvitupa. Sikuharibu kitu, kwa bahati.

Kumbe mpango wao ni huu. Kila mmea una viazi viwili, mkubwa na mdogo wake. Mvua zikianza, kile cha mwaka jana kinatoa chipukizi, kinalilisha, kinazidi kusinyaa kadiri bua linavyopanda. Wakati huohuo majani yanapika chakula na kukishusha chini, kando ya kile kizee, na hapo kinaanza kuvimba kiazi kipya, cheupe, kigumu. Mvua zikikatika, jani linageuka njano, kizee kimekwisha, kipya kimejaa. Mwaka mmoja, kiazi kimoja. Mara chache sana kinazaa viwili. Sasa jiulize ukichimba kikapu kizima na kuondoka na vile vigumu vyenye uzito, umeacha nini chini. Na jiulize pia ukikata majani mabichi kwa sababu ua limeisha na unataka kopo lipendeze. Jani likikatwa mapema, kiazi kipya kinabaki kama punje ya mbaazi, na mwaka unaofuata hakitoi ua.

Neno lenyewe okidi limetokana na viazi hivyo viwili. Wagiriki wa kale waliviangalia vilivyokaa pamoja, kimoja kikubwa kimoja kidogo, wakaupa mmea jina lao la korodani. Nilimweleza shangazi. Alicheka mpaka simu ikakatika.

Mwaka wa kwanza niliua saba. Sikuviua kwa kuvisahau. Nilivipanda Julai, siku ileile vilipofika, kwenye udongo mzuri uliochanganywa na samadi ya mbuzi, nikamwagilia asubuhi na jioni kama ninayelea nyanya. Wiki ya tatu hakuna kitu, nikaongeza maji. Wiki ya sita nikasikia harufu, ile harufu ya kiazi kitamu kilichosahaulika kabatini. Nikafukua. Saba vilikuwa vimelainika kabisa, kidole kinaingia. Vinne vilivyopona ni vile vilivyokuwa kwenye kopo la pembeni ambalo mkono wangu haukulifikia vizuri, likawa linapata maji kidogo.

Nilikuwa nimepigana na kalenda. Kule kwao Julai ni kiangazi cha baridi. Ardhi ni kavu, kiazi kimelala, hakina mizizi ya kunywea maji. Maji unayomwaga hayana pa kwenda, yanakaa tu kukizunguka mpaka ukungu mbaya unakipata. Na samadi ikawa kama kumwaga petroli. Okidi hizi zinaota kwenye udongo maskini, hazijazoea kushiba.

Nilichojifunza baada ya hapo nimekipata zaidi kwa watu wa mbali, wakulima wa okidi wa Australia. Kule kuna okidi za ardhini chungu nzima, na kiangazi chao kusini ni kikavu kama chetu. Wao kalenda imegeuka. Okidi zao zinaota majira ya baridi wanapopata mvua, zinalala wakati wa joto. Zetu zinaota wakati wa joto, zinalala kipupwe. Lakini kazi ya mikono ni moja. Zikilala unaacha maji kabisa, unamwaga kopo, unahesabu viazi, unabadilisha udongo, unavirudisha chini kiasi cha vidole viwili, basi. Wanazo aina rahisi kabisa, zile za kijani zilizojifunika kofia, ambazo kiazi kimoja kinatupa vitoto pembeni, na baada ya miaka michache chungu kimejaa. Ningekuwa naishi kule ningeanza na hizo. Zetu hazina ukarimu huo.

Kwao pia ndiko nilikopata habari ya mvinje. Wanakusanya majani membamba ya miti ya jamii hiyo, wanayakata vipande vya urefu wa kucha, wanatandaza juu ya udongo. Mvua ikipiga haitupi matope kwenye kitovu cha majani, na kitovu kikiingia matope kinaoza. Nilifurahi sana kusoma hivyo, kwa sababu mvinje tunao pwani nzima. Dada yangu anayeishi Bagamoyo ananitumia mfuko mmoja kila mwaka na ananiona nimechanganyikiwa. Hapo awali alikuwa anayaweka pamoja na dagaa kwenye mfuko mmoja. Tuliacha, kwa sababu ya paka.

Udongo wangu sasa ni hivi. Mchanga mnene wa korongo, naufua kwenye beseni mpaka maji yatoke safi, makopo matatu. Majani yaliyooza ya chini ya mpera wetu, yaliyopitishwa kwenye chekeche, makopo mawili. Mkaa uliopondwa kiasi cha mkono mmoja. Na mwisho kabisa kijiko cha ule udongo mweusi wa shangazi, au cha udongo wa kopo la mwaka jana, ambao nao una asili yake humo. Hicho kijiko usikidharau. Okidi hizi zinaishi na kuvu fulani wadogo wasioonekana, walioko ardhini na ndani ya mizizi yake. Mbegu ya okidi ni vumbi, haina hata chembe ya akiba ndani yake. Bila kuvu wa kuilisha haioti, na hata mmea mkubwa unaendelea kumtegemea. Kibonge kilichofungwa kwenye khanga kilikuwa na watu wa kwao ndani yake.

Maji ni ya mvua, basi. Nayavuna kwenye simtanki mwezi wa kwanza na wa pili, nafunga koki kwa ufunguo, maana nyumbani kwangu maji ya bure yanaisha kwa kufua mazulia. Ya bomba hapa Dodoma yanatoka visimani, ni mazuri ya kunywa lakini yana chumvichumvi. Tazama birika lako kwa ndani, lile gamba jeupe. Gamba hilohilo nililiona kwenye ukingo wa makopo mwaka wa pili, na ncha za majani zikawa za kahawia.

Joto lilinisumbua kuliko yote. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla mvua hazijafika, ndipo jua la Dodoma linapokuwa kali zaidi, na kopo jeusi la plastiki ukilishika saa nane mchana unaondoa mkono. Kiazi kilichozoea umande wa kuganda kinapikwa kimya kimya. Sasa wakati huo makopo yanahama baraza, yanakaa chini ya kitanda cha wageni, kwenye sakafu ya saruji. (Kwa hiyo mgeni wa Oktoba anapata usingizi na okidi zangu, hajui.) Mvua zikianza nayatoa, kila kopo naliingiza ndani ya chungu cha udongo kilicho kikubwa zaidi, pengo la katikati najaza mchanga, na mchanga huo ndio ninaoulowesha. Hewa ya Dodoma ni kavu, maji yanapenya kwenye kuta za chungu yanakauka, na kukauka kwake kunapoza, kama mtungi wa bibi kizani jikoni. Februari mvua zinapokatika wiki mbili tatu, kama ilivyo desturi yake hapa, chungu hicho ndicho kinachonivusha.

Tena kuna udanganyifu wa Novemba. Linakuja wingu moja, linamwaga nusu saa, mji wote unanukia udongo, kisha jua linarudi siku 20. Jirani yangu, bibi wa Kigogo ambaye bado ana shamba Chamwino, ananicheka ninavyohangaika. Yeye anaberega, anapanda uwele bila kulima, mbegu inalala kwenye vumbi ikisubiri mvua ya kweli. "Mbegu ina akili kuliko wewe," ananiambia. Simwagilii tena kwa sababu ya wingu. Nasubiri nione pua, ile ncha ya kijani ikisukuma jani la mvinje pembeni, ndipo natoa maji ya kwanza, kwa kikombe cha chai. Kikombe kimoja.

Kwa viazi vinne vilivyobaki, kimoja akakiua mama mkwe. Vitatu viliota majani 2022, bila ua. Februari 2023 kopo namba tatu likatoa bua.

Sikuwahi kuangalia ua la kikande kwa karibu hivyo nikiwa nyumbani. Kule unaona rangi tu, na ng'ombe wanapita juu yake. Bua lilifika kama futi moja, na maua yalianza kufunguka kutoka chini kwenda juu, mawili matatu kwa siku, ya waridi, madogo kiasi cha kucha ya kidole cha mwisho. Okidi nyingi ile petali ya pekee, wanayoiita mdomo, iko chini, mdudu anatua juu yake kama kwenye kizingiti. Hii imegeuka. Mdomo uko juu, umejikunja kama kofia ya koti la mvua, na nyuma ya kofia zinashuka mikia miwili myembamba yenye asali ndani. Mikia miwili ndiyo alama ya ukoo huu, Satyrium. Ndugu zake wa Kitulo, Disa, wana mkia mmoja. Ukijua hivyo tu unaweza kutembea Kitulo na kujifanya mtaalamu.

Nilichukua kijiti cha meno, nikakiingiza chini ya kofia, nikakivuta polepole. Kikatoka na vijifuko viwili vya njano vimesimama juu yake kama vijiti vya kiberiti, vimeganda kwa gundi yake vyenyewe. Nikavipeleka kwenye ua la jirani. Nilikuwa nimepiga magoti barazani, kijiti mkononi, pumzi nimeizuia, na mwanangu wa mwisho kasimama nyuma yangu. "Mama, unalichokonoa meno?"

Maua sita yalishika. Vifuko vikavimba, vikakauka, na siku moja asubuhi nikakuta kimoja kimepasuka, kinamwaga vumbi la rangi ya maziwa. Hukuweza kuona mbegu, unaona moshi tu. Nililikung'uta lote kwenye kopo lilelile la mama yao, kwenye kuvu wao. Halafu nikasahau.

Mwaka huohuo nikapata nyingine, na hii ni ya hukuhuku. Kule tunakopimiwa viwanja kila siku, greda lilikuwa linasawazisha kichaka chenye mawe, na fundi tofali mmoja aliyekuwa ameona picha ya ua langu akaniletea kitu kwenye mfuko wa saruji. "Hii si ile yako?" Ilionekana kama mkonge mdogo: majani mawili matatu magumu, kingo zake zinakwaruza mpaka zinatoa damu, na mashina yaliyovimba, nusu ndani ya ardhi nusu nje. Haikuwa na kiazi hasa, lakini ni okidi kweli, jina lake Eulophia petersii, na inaishi kwenye ukame kuanzia Arabia mpaka kusini mwa Afrika. Nikaiweka kwenye chungu cha kokoto na mchanga, kwenye jua kali, nikaiacha. Mwaka uliofuata ikapandisha bua linalonifika kifuani, lenye maua ya kijani na kahawia, mdomo mweupe wenye mistari ya zambarau. Sikuifanyia chochote. Nilihisi kama mtu aliyesomesha mtoto wa mbali kwa taabu, halafu wa jirani anafaulu bila daftari.

Anayetaka kuanza na uko Kongwa, Manyoni, Bahi, anza na huyo, ukimkuta mbele ya greda. Hana haja ya vyungu viwili wala mvinje.

Mwaka 2024 panya. Sitaki kuandika sana. Waliingia chini ya kitanda cha wageni, wakachimba makopo mawili, wakala kila kitu, wakaacha vijiti vya mshikaki vimelala kifudifudi. Tangu hapo kila kopo lina wavu wa dirishani juu, umefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kilichosalia ni kopo namba tatu, peke yake.

Na Januari 2025, kwenye kopo hilo, kando ya jani kubwa, niliona kitu nilichodhani ni nyasi, nikanyoosha kidole kung'oa. Nikasita. Nikachukua miwani. Lilikuwa jani moja, ukubwa wa punje ya mchele, nene, limekunjamana katikati kama la mama yake. Pembeni yake jingine. Nikahesabu matano. Vumbi la 2023 lilikuwa linafanya kazi chini kwa chini muda wote huo.

Julai nilimwaga kopo kwenye gazeti. Mama alikuwa amezaa viazi viwili badala ya kimoja, vyote vigumu. Vitoto vilikuwa vitano kweli, kila kimoja kama kichwa cha kiberiti, na nikavigawa makopo matano, kwa kijiko cha udongo wa kwao kila kimoja. Kiazi kimoja kikubwa kikarudi namba tatu. Hesabu yangu ya makopo saba ikabaki na kopo moja tupu na kiazi kimoja mkononi.

Nilikipeleka Nanenane, kwenye ndoo ya mayonezi ileile, ndani ya vumbi la mbao. Konda akaitikisa karibu na sikio. "Mama, humu kuna nini?" Nikamwambia kiazi. "Kiazi kimoja? Kwenda Makete?" Akaniangalia kama ambavyo ungemwangalia mtu anayesafirisha mchanga kwenda Dodoma.

Shangazi alinipigia kesho yake jioni. Kimefika, kigumu, hakijaumia. Sauti yake ilikuwa na mashaka.

"Sasa mama, hiki nitakipanda wapi? Shamba lote ni viazi."

"Una kopo la rangi?"